Sura ya Saba: Bei ya Cheni ya Pili

Barabara ya Lushoto inachepuka pale Mombo, mkono wa kulia kwa anayetoka Dar es Salaam, na haichukui muda kuanza kupanda. Ni kilomita 33 hivi za lami zinazojipinda kwenye Milima ya Usambara kupitia Soni, na ukifika Lushoto mjini umejiinua takriban mita 1,000 juu ya pale ulipoanzia. Tuitumie kwa hesabu. Swali la sura hii ni kama mtu anayeendesha baiskeli kwa kujifurahisha, asiye na mkataba wala medali anayoitafuta, ana haja ya kununua vipuri vya daraja la juu kabisa. Waendeshaji wakikutana Jumamosi asubuhi hulijibu kwa mapenzi na kwa ubishi, lakini sehemu kubwa ya jibu lake inapimika.

Mchukue mwendeshaji wa kilo 75 juu ya baiskeli ya kilo 10. Miguu yake inatoa wati 150 mfululizo, nguvu ambayo mtu mwenye mazoezi ya wastani anaweza kuihimili kwa safari ya namna hii. Atafika Lushoto baada ya saa mbili na dakika chache. Baiskeli yake imefungwa seti ya Shimano 105 ya umeme, yaani gia, breki, krenki, cheni na vinavyoambatana navyo. Tuivue seti hiyo yote, tufunge Dura-Ace, daraja la juu kuliko yote la kampuni hiyo, ambalo bei yake ni zaidi ya mara mbili. Uzito umepungua takriban nusu kilo. Kazi ya kuinua nusu kilo kwa mita 1,000 ni juli 4,900 hivi, na kwa mtu anayetoa wati 150 hiyo ni kazi ya sekunde 33.

Nusu dakika, ndani ya saa mbili. Akisimama Soni kununua matunda, imekwisha kabla hajarudishiwa chenji.

Sasa turudi Mombo na seti ileile ya 105, tubadilishe tairi tu. Kila tairi linapoviringika hupoteza nguvu kwa kuminywa na kujirudisha, na upotevu huo huandikwa kama sehemu ndogo ya uzito unaobebwa. Kwa tairi gumu la bei nafuu sehemu hiyo inaweza kuwa 0.006 au zaidi. Kwa tairi laini lililotengenezwa vizuri, 0.004 au pungufu. Tofauti ya 0.002 inaonekana si kitu. Izidishe kwa uzito wa kilo 85 na umbali wa kilomita 33, unapata juli 55,000, na kwa wati 150 hizo ni dakika sita. Tairi mbili nzuri zinagharimu sehemu ndogo tu ya bei ya seti ya Dura-Ace, na zimefanya kazi mara kumi zaidi yake kwenye mlima, mahali ambapo wepesi wa vipuri unapaswa kuonekana kuliko popote. Kwenye tambarare ya barabara ya Bagamoyo, nusu kilo haionekani kabisa.

Hesabu hii haimalizi mjadala, ila inatuonyesha tuanzie wapi.

Shimano ilianzishwa mwaka 1921 katika mji wa Sakai, karibu na Osaka, na Shozaburo Shimano, na bidhaa yake ya kwanza ilikuwa friwili, kile kigurudumu cha nyuma chenye meno kinachoruhusu baiskeli iende huku miguu imetulia. Leo ndiyo kampuni ambayo vipuri vyake utavikuta kila mahali, kuanzia baiskeli za mtumba zinazoshushwa kwenye makontena hadi za mabingwa wa Tour de France. Wapinzani wake wakubwa ni Campagnolo ya Vicenza, Italia, iliyoanza 1933, na SRAM ya Chicago, iliyoanza 1987. Zote tatu huuza kwa ngazi. Nitaitumia ngazi ya Shimano kwa sababu ndiyo ambayo msomaji wa Dar, Arusha au Nairobi anaweza kuipata.

Kwa baiskeli za barabarani ngazi hiyo, kuanzia chini, imekuwa Claris, Sora, Tiagra, 105, Ultegra na Dura-Ace. Tangu 2023 kampuni imeanza kuzikusanya daraja za chini katika familia moja iitwayo CUES, lakini majina ya zamani yatabaki madukani na kwenye mtumba kwa miaka mingi. Kupanda kutoka Claris hadi 105 unapata vitu ambavyo mkono na mguu vinavihisi: Claris ina sproketi 8 nyuma, 105 ya sasa ina 12, kwa hiyo hatua kati ya gia na gia ni ndogo na miguu haishtuki; breki zinauma kwa kidole kimoja; gia inaingia hata ukiibadilisha katikati ya mlima huku cheni imekazwa na uzito wako. Fedha ya sehemu hiyo ya ngazi naitetea bila kusita kwa yeyote anayeendesha kila wiki.

Kutoka 105 kwenda juu mambo hubadilika. Idadi ya sproketi ni ileile. Umbo la mkono wa breki linakaribia kuwa lilelile. Kinachobadilika zaidi ni malighafi. Chuma kinaachia nafasi titani, alumini inaachia kaboni, gramu 20 zinatoka hapa na 40 kule. Gia huingia haraka kidogo, kwa tofauti ambayo mtu aliyezoea ataihisi na mtu wa kawaida atahitaji kuambiwa. Kwa timu inayoshindana kwa sekunde, gramu hizo zina maana, ingawa hata kwao zina kikomo: chama cha mchezo huo duniani, UCI, hakiruhusu baiskeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8, sheria iliyoanza mwaka 2000.

Na ngazi hii ina tabia nyingine ambayo mnunuzi mwenye subira anafaidika nayo. Kinachobuniwa kwa ajili ya juu hushuka. Gia za umeme za Shimano kwa baiskeli za barabarani ziliingia sokoni kwenye Dura-Ace mwaka 2009, na mwaka 2022 zikafika 105. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kufundishwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, alishinda Tour de France kwa mara ya kwanza mwaka 2013 kwa gia za umeme za Dura-Ace zenye sproketi 11. Atakayenunua 105 ya umeme leo anapata sproketi 12, breki za disiki za mafuta, na gia ambazo kwa kazi yake haziko nyuma ya zile. Kama zilimfikisha Froome Paris akiwa na fulana ya njano, zitamfikisha mwalimu wa sekondari Lushoto.

Nimekaa na hoja ya uzito na ya teknolojia kwa sababu ndizo zinazosemwa na wauzaji. Lakini hoja ninayoiona kubwa kuliko zote kwa mtu wa kwetu haimo kwenye matangazo yao. Ni bei ya cheni ya pili.

Seti ya baiskeli ni mkusanyiko wa vitu vinavyokwisha. Cheni inakwisha. Sproketi za nyuma zinakwisha. Pedi za breki, waya na mifuniko yake, disiki, sproketi za mbele, vyote vinaliwa kidogo kidogo kila unapozungusha kanyagio. Unaponunua baiskeli umelipa bei ya vitu hivyo mara moja; ukiiendesha kweli utailipa tena, na tena. Kwa hiyo dukani usiulize bei ya baiskeli peke yake. Uliza: cheni ya hii ni bei gani, kaseti yake ni bei gani, na nitazipata wapi? Ukisikia bei ya kaseti na moyo ukasita, daraja hilo si lako kwa sasa, hata kama leo fedha ya kuinunua baiskeli nzima unayo mfukoni.

Tofauti yenyewe ni kubwa. Kaseti ya Dura-Ace inauzwa zaidi ya mara tatu ya kaseti ya 105. Sababu moja ni kwamba sproketi zake kubwa zimetengenezwa kwa titani ili ziwe nyepesi, na titani huliwa haraka kuliko chuma. Soma tena sentensi hiyo: umelipa zaidi ili upate kitu kitakachokwisha mapema. Kwa timu ya mashindano huo ni uamuzi wa busara, kwa kuwa fundi wao hubadilisha kaseti kabla haijachoka na wala haitoki mfukoni mwa mwendeshaji. Kwa anayeendesha kwenda Pugu na kurudi, ni gharama asiyoihitaji, na sproketi hizohizo kubwa ndizo atakazozikalia kwenye kila mlima.

Juu ya hapo kuna vumbi letu. Waliobuni vipuri hivi walikuwa wakifikiria lami iliyooshwa na mvua. Barabara za mashamba ya chai ya Tigoni, njia za udongo mwekundu pembezoni mwa Arusha, mchanga unaopepea kwenye lami ya pwani, hivi vyote huingia kwenye cheni, hujichanganya na oili na kugeuka msasa. Cheni nzuri kuliko zote ikikaa na msasa huo itakufa karibu pamoja na cheni ya kawaida, na itakufa ikiwa imetafuna kaseti. Atakayefuta cheni yake kwa kitambaa kila anaporudi nyumbani, akaiosha kwa mafuta ya taa inapochafuka, akaikausha kabisa na kutia tone moja la oili nyepesi katika kila pingili, atatumia kidogo kwa mwaka kuliko mwenye vipuri vya bingwa asiyefanya hivyo. Oili chafu ya injini, ambayo mafundi wengi wa vijiweni huipaka kwa ukarimu, imejaa chembe za chuma na hunasa vumbi vizuri mno. Mwombe fundi asiitie; mletee oili yako mwenyewe ikibidi.

Kuna utafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ulioongozwa na James Spicer na kutangazwa mwaka 1999, uliopima nguvu inayopotea kati ya kanyagio na gurudumu la nyuma. Katika hali nzuri kuliko zote, cheni ilifikisha asilimia 98.6 ya nguvu. Ukweli huu unanituliza kila ninapoona tangazo la kipuri kipya cha ajabu. Cheni ya baiskeli iliyonyooka na kukazwa sawasawa ni miongoni mwa mitambo yenye upotevu mdogo kuliko yote ambayo binadamu ametengeneza, na kipuri cha bei hakiwezi kukurudishia nguvu ambayo haijapotea.

Wengine huamini kwamba ghali maana yake ni imara, kwamba akinunua cha juu amenunua amani. Kwenye vipuri vya baiskeli imani hiyo ina kasoro. Daraja la juu kabisa hutafuta wepesi, na wepesi mara nyingine hupunguza uimara. Septemba 2023 Shimano ilitangaza kwamba krenki zipatazo 760,000 zilizouzwa Marekani na Kanada zikaguliwe, kwa sababu vipande vyake viwili vilivyounganishwa kwa gundi vingeweza kuachana mtu akiwa barabarani. Zilikuwa krenki za Ultegra na Dura-Ace zilizotengenezwa kati ya 2012 na 2019. Krenki za 105 hazikuwamo. Siwalaumu kwa kujaribu. Kampuni inayotafuta kikomo cha wepesi siku moja itakigusa. Lakini anayetaka amani aitafute katikati ya ngazi.

Kukosa gia nyepesi za kupandia mlima kunawaumiza watu wengi bila wao kujua. Krenki na kaseti za daraja la juu zimepangwa kwa kufikiria miguu ya mashindano. Kaseti za Dura-Ace za sproketi 12 hazizidi meno 34. Kaseti ya 105 inapatikana hadi meno 36. Ifunge na krenki ndogo, yenye meno 34 kwenye sproketi ya ndani, halafu tumpeleke tena mwendeshaji wetu wa wati 150 kwenye mwinuko wa asilimia 10, wa aina iliyo mingi Usambara, Kigali na Kiambu. Hapo atakwenda kilomita 6 kwa saa, na miguu itazunguka kama mara 50 kwa dakika: anahema, lakini anapanda. Mpe krenki ya meno 36 kwa ndani na kaseti inayoishia 30, mchanganyiko wa kawaida kwenye baiskeli za mwendo kasi, na kwa nguvu ileile miguu inazunguka mara 40 tu. Kila mzunguko unakuwa mzigo kwa goti. Watu wenye afya huacha milima kwa sababu hii, wakidhani tatizo ni umri wao.

Nikiulizwa nitaje kitu kimoja ambacho mnunuzi wa Afrika Mashariki anapaswa kukihesabu kabla ya kukagua jina la daraja, nitataja meno. Hesabu meno ya sproketi ndogo ya mbele na ya sproketi kubwa ya nyuma. Ikiwa ya nyuma ina meno mengi kuliko ya mbele au yamelingana, utapanda popote penye lami.

Tangu mashindano ya dunia ya barabarani yafanyike Kigali Septemba 2025, ya kwanza katika bara la Afrika, hamu ya baiskeli nzuri imeongezeka miongoni mwa watu ninaoendesha nao, na naifurahia. Wanaume, siku ya mbio yao kuu, waliendesha kilomita 267.5 na kupanda zaidi ya mita 5,000 kwa jumla. Walioanza walikuwa zaidi ya 160, waliomaliza 30 tu. Nyuma yao kulikuwa na magari ya timu yenye baiskeli za akiba juu yake, na mafundi ndani wakiwa na vipuri. Yule anayeiona baiskeli ya Tadej Pogačar, mshindi wa siku ile, na kutaka iliyo kama yake hana budi kulihesabu na lile gari.

Sisi gari letu ni fundi wa kijiweni. Nilisimama kwa fundi mmoja maeneo ya Mwenge wakati kijana amemletea baiskeli ya kaboni ya bei kubwa yenye cheni iliyokatika. Fundi yule, mzee wa makamo, aliigeuza baiskeli taratibu kwa heshima, kisha akasema: "Mdogo wangu, kazi naiweza. Cheni ya hii sina, na hapa mjini sijaiona. Utaisubiri?" Kijana alisema ataiagiza. Kwa wiki zile alizoisubiri, baiskeli ilikaa.

Kuagiza si dhambi. Lakini mtu anayepanga kuendesha kila wiki anahitaji baiskeli ambayo fundi wake anaielewa na duka la karibu linaweza kuihudumia. Habu za Shimano zenye gololi zilizo wazi, ambazo zinafunguliwa kwa spana, zikasafishwa, zikatiwa grisi na kurudishwa, fundi yeyote wa hapa anazijua kwa sababu ndizo alizokulia nazo kwenye baiskeli za Phoenix na Black Mamba. Breki za disiki za mafuta nazipenda, hasa kwenye mteremko wa kutoka Lushoto wakati wa mvua, ila jueni kwamba za Shimano hutumia mafuta ya madini, na SRAM kwa miaka mingi imetumia mafuta ya DOT, jamii ya yale ya magari. Ukitia ya gari kwenye breki ya Shimano, mipira ya ndani inaharibika, na breki inaweza kukuacha wakati unapoihitaji. Andika aina ya mafuta kwenye karatasi ya gundi, uibandike chini ya fremu. Fundi mwema hukosea pale ambapo hakuna aliyemwambia.

Gia za umeme nazo zina nafasi yake. Mtu mwenye baridi yabisi ya vidole, au mkono mdogo usiofika vizuri kwenye breki, atapata nafuu ya kweli kwa kubonyeza badala ya kusukuma. Kwa waishio Unguja, Tanga au Mombasa, ambako chumvi ya hewani huingia kwenye waya na kuzikaza, mfumo usio na waya za kuvuta una mantiki yake. Betri hudumu kwa mamia ya kilomita na huchajiwa nyumbani. Ikiwa hizo ndizo sababu zako, nunua 105 ya umeme na uendeshe kwa furaha. Nisichokubali ni kununua umeme kwa kudhani kwamba utakuongezea mwendo.

Nimetetea katikati ya ngazi, na sitaki nieleweke kwamba chini kabisa panatosha. Panapouzwa baiskeli mpya zinazong'aa, zenye springi mbele na nyuma, mikono ya breki ya plastiki na rangi kali, kwa bei ya maajabu, hapo kuna hatari. Springi zile hazina kazi ila kuongeza uzito. Mikono ya plastiki inapinda unapoibana, na nguvu ya kidole chako inaishia kwenye kupinda huko. Rimu za chuma zilizopakwa kromu zikilowa hazishikwi na breki, na masika yetu hayabishi hodi. Mzazi anayemnunulia mtoto baiskeli ya namna hiyo ili apunguze gharama angefanya vyema kununua ya mtumba yenye rimu za alumini na breki zenye mikono ya chuma au alumini, hata ikiwa imekwaruzika rangi. Kwenye breki, fremu na uma wa mbele, usipunguze. Huko ndiko fedha inakolinda meno na mifupa.

Juu ya sakafu hiyo, fedha ya ziada ikiingia, ipelekwe wapi? Kwanza tairi, kwa sababu tuliyoipiga hesabu, na kwa upana wa milimita 28 au 32 fremu ikiruhusu. Hata mabingwa walioapa kwa milimita 23 wamehamia kwenye upana huo. Hapa pana tahadhari. Tairi jepesi kabisa la mashindano lina ngozi nyembamba, na miiba ya migunga ya njia ya Magadi haitambui majina makubwa. Chagua lenye mkanda wa kuzuia miiba, upoteze kidogo kwenye hesabu ya mwendo na uokoe saa nzima za kukaa kando ya njia ukiziba pancha.

Kisha mkao. Kwenye tambarare, adui mkubwa wa mwendeshaji ni hewa, na takriban robo tatu ya ukinzani wa hewa ni mwili wake, si baiskeli. Siti iliyo kwenye kimo sahihi, usukani uliosogezwa mahali ambapo unaweza kuinama bila kuumia shingo, shina la usukani fupi au refu kwa sentimita mbili, mabadiliko haya yanagharimu kidogo au hayagharimu kitu, nayo hubadilisha safari ya kilomita 60 kutoka mateso kuwa raha. Mtu mwenye Dura-Ace na siti iliyo chini mno ataumia magoti kama mwingine yeyote. Pedi nzuri za breki. Kaptura yenye mto mzuri. Nauli ya basi la kwenda Mombo ukiwa na baiskeli yako kwenye buti, ili uendeshe mahali ambapo hujawahi kufika. Naichukulia nauli hiyo kama kipuri, na kwa raha inayoleta sijui kipuri kinachoishinda.

Nimewahi kuambiwa kwamba hoja hizi zinasahau uzuri. Hazisahau. Krenki ya Dura-Ace ni kazi ya mikono na akili ya watu wanaojua wanachofanya, na kuna watu wazima, waliokwisha kusomesha watoto na kumaliza nyumba, ambao wameweka akiba miaka mingi ili wawe na kitu kimoja kilichotengenezwa bila kubania. Kwao nasema nunueni, na msiombe radhi kwa yeyote. Ila iendesheni kwenye vumbi na kwenye mvua. Cheni na kaseti za kwanza zikiisha, si lazima mrudi daraja lilelile: kaseti ya 105 yenye sproketi 12, ile isiyozidi meno 34, inakaa kwenye seti ya Dura-Ace au Ultegra ya sproketi 12, na cheni vilevile, kwa kuwa zote zimejengwa kwa vipimo vimoja. Hapo mtakuwa na uzuri pale unapodumu na unafuu pale panapoliwa. Baiskeli ambayo mwenyewe anaogopa kuitoa nje mawingu yakitanda haijapata mwenyewe bado.

Tumalizie na mtumba, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakonunua. Kwenye mtumba ngazi huchanganyika: unaweza kukuta Ultegra ya miaka kumi iliyopita kwa bei ya Claris mpya, na mara nyingi Ultegra hiyo ndiyo ununuzi bora, mradi vinavyoliwa havijaliwa vyote. Nenda na rula yenye inchi. Cheni zote za baiskeli za kisasa zina umbali wa nusu inchi kutoka pini hadi pini. Weka sifuri ya rula katikati ya pini moja na uhesabu pini 24 mbele. Ikiwa cheni ni nzima, pini ya 24 itakaa sawasawa kwenye inchi 12. Ikivuka kwa moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imekwisha, na kama aliyekuwa nayo aliendelea kuiendesha, kaseti nayo imeanza kwenda. Angalia meno ya sproketi: mazima yana vichwa vipana, yaliyokwisha yamechongoka na kuegemea upande mmoja. Zungusha gurudumu la nyuma polepole ukiwa umeinua baiskeli, usikilize gololi. Bana breki kwa nguvu zako zote na uisukume baiskeli mbele. Halafu mwulize fundi wako, kwa simu ukiwa hapohapo mbele ya muuzaji, bei ya cheni na kaseti ya idadi hiyo ya sproketi. Hiyo ndiyo fedha ya kuondoa kwenye bei aliyokutajia, kabla hamjaanza kupatana.